Dagaa, mwaloni na herufi mbili kwenye leseni

Alikuja asubuhi sana, madirisha ya upande wa ziwa nilikuwa hata sijamaliza kufungua. Ni lekchara wetu wa mambo ya samaki, kijana bado, fleshi mkononi na uso wote unacheka. "Shikamoo dada. Makala imetoka!"

Hiyo makala nilikuwa naijua vizuri maana mimi ndo mkutubi wa chuo, vyanzo vyake vingi nilimtafutia mimi. Miaka miwili mtu alikuwa anaamka usiku kwenda mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kupima dagaa wanavyokauka juu ya vichanja na wanavyokauka chini kwenye mchanga, na sasa kazi imetoka kwenye jarida la nje lenye jina, nikampa mkono kwa nguvu zote. Kumbe hakuja kunionyesha tu. Alitaka tuitafsiri Kiswahili, tuifupishe iwe kurasa nane hivi, tuweke michoro, tukaigawe kwa akina mama wanaoanika. "Hizo data zote wao ndo walinipa, dada. Niliwaahidi nitarudi."

Kama hujawahi kutembea ufukweni kuanzia Igombe kwenda Kayenze asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa, ni kwamba ardhi yote inang'aa kama imemwagiwa fedha, akina mama wameinama na fagio wanageuza. Pazuri kutazama lakini ni hasara tupu, maana dagaa wa mchangani anabeba mchanga, kuku wanapita juu yake, na mvua ikishuka ghafla mzigo wa siku nzima unaoza pale pale au unauzwa bei ya chakula cha kuku. Kichanja ni meza ya miti na wavu juu yake, hewa inapita chini na juu, mvua ikija unafunika turubai. Mwenye kichanja anauza kama chakula cha watu. Sasa kichanja kiwe na urefu gani kutoka chini, dagaa utandaze unene gani, ugeuze baada ya muda gani, ndo mambo aliyokuwa amepima.

Tukafungua pidiefu. Mimi kwa kazi yangu nimezoea kuangalia chini kabisa ya ukurasa wa kwanza kabla hata sijasoma kichwa cha habari, nikaona mstari mdogo wa maandishi ya kijivu: CC BY-NC-ND. Nikamwambia, daktari, hii hatuwezi kuitafsiri na kuigawa.

Akadhani natania.

Nieleze taratibu kwa sababu watu wengi wenye shahada kubwa tu hawajui hizi herufi. Creative Commons ni shirika lililoanza Marekani mwaka 2001, na leseni zao za kwanza zilitoka Desemba 2002. Wazo lao ni zuri na rahisi: wewe mwenye kazi unaibandika leseni inayosema tangu mwanzo watu wanaruhusiwa kufanya nini bila kukuandikia barua. Leseni zenyewe ziko sita, zimejengwa kwa vipande. BY ni kwamba nitaje jina. NC ni kwamba usiitumie kibiashara. SA ni kwamba ukiibadilisha basi na wewe itoe kwa masharti haya haya. Na ND ni kwamba sambaza ilivyo, usisambaze iliyobadilishwa, na kwa maana ya leseni hizi tafsiri inahesabiwa ni kubadilisha. Yaani makala kuhusu dagaa wa Kayenze, data za Kayenze, mtafiti wa Mwanza, mtu yeyote duniani anaisoma bure kwa Kiingereza, lakini kuitoa kwa Kiswahili ikafike kwa yule aliyepimiwa dagaa wake ni mpaka uombe ruhusa.

"Lakini si makala yangu?" Ndo swali la kila mtu hilo. Nikamwomba afungue na ule mkataba aliosaini, tukautafuta kwenye barua pepe zake kama nusu saa. Umeandikwa vizuri kabisa kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Ukishuka aya mbili chini unakuta mwandishi amempa mchapishaji haki ya pekee ya kuchapisha na kusambaza, pamoja na tafsiri. Ya pekee maana yake hata wewe mwenyewe umetoka. Jina limebaki lako, funguo ziko kwa mwingine, kwa hiyo mtu akikuambia hakimiliki ni yako muulize na haki ya kutumia iko kwa nani.

Nilimuuliza kwanini alichagua ile. Akasema ilikuwa saa tano usiku, mfumo umempa menyu yenye leseni mbili, bando linaishia, waandishi wenzake wawili wameshalala, akaona ile ndefu yenye herufi nyingi ina ulinzi zaidi. Simlaumu hata kidogo. Chuoni tunamfundisha mwanafunzi kutaja vyanzo mpaka nukta na mkato viko wapi, lakini siku anayopewa fomu ya kuitoa kazi yake ya miaka miwili hakuna mtu anayekaa pembeni yake.

Na hili linaniuma kwa sababu Kanda ya Ziwa imeipa dunia maarifa mengi mno. Mwaka 1977 watafiti wa kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kazi Ghuba ya Mwanza kuhesabu furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kwa sababu walikuwepo kabla sangara hajajaa huku akawala, ndo maana dunia inajua tulipoteza nini. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilitoa utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, jamii 12, ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Utafiti ule umesomwa kila kona ya dunia. Waliotoa damu ni watu wa huku, bibi na babu zetu, wamesimama foleni chini ya mwembe. Haki yao ndogo kabisa ni kusoma kilichotoka kwao kwa lugha wanayoielewa.

Sasa ngoja nigeuke upande wa pili wa leseni, upande wa sisi tunaonunua, maana huko ndiko nilikojifunza kusoma mikataba, na nilijifunza kwa machungu.

Maktaba yetu ina chumba cha nyuma chenye majarida ya karatasi, yamejalidiwa kwa jalada la kijani, yana vumbi na muhuri wa zambarau wa chuo. Usajili wake ulikatika zamani, lakini yale tuliyolipia yapo. Hakuna aliyekuja kuyabeba. Mgeni akija namkalisha mezani anasoma, chuo jirani wakiomba nawapa kopi ya makala moja. Kitabu ukishakinunua ni chako, unaazimisha unavyotaka. Tulipohamia kwenye digitali tulifurahi sana, majarida elfu na ushee badala ya arobaini, na hatukuona kwamba neno kununua limeondoka kimya kimya. Tulikuwa tunakodi.

Ikafika mwaka malipo yakachelewa. Sitaki kusema kwa nani, yalichelewa tu. Jumatatu moja mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho akaja kaunta, amekumbatia laptop, anasema "Madam, jana ilikuwa inafunguka." Nikajaribu kwangu, nikaona picha ya kufuli. Nikajaribu toleo la miaka minne nyuma ambalo risiti yake ninayo kabatini, kufuli. Nikapiga simu, nikaandikiwa kwa adabu sana kwamba mkataba wetu hauna kipengele cha kuendelea kufikia miaka iliyolipiwa baada ya usajili kusimama. Nikausoma mkataba ule usiku kucha kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kurasa kumi na tisa, na ni kweli hakikuwemo. Kingeweza kuwemo! Maktaba nyingi duniani wanacho, wanakiomba na wanapewa. Sisi hatukuomba kwa sababu hatukujua kuna kitu cha kuomba. Yule binti alimalizia kazi yake kwa muhtasari wa makala, na mimi bado namkumbuka.

Tangu siku hiyo mkataba wowote ukija nauanza kwenye maana ya "mtumiaji aliyeruhusiwa". Hapo ndo pana kila kitu. Je, ni wanafunzi na wafanyakazi tu? Je, mtu anayeingia kutoka nje akakaa kwenye kompyuta ya maktaba anaruhusiwa? Mchapishaji anawatambua kwa anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wetu, kwa hiyo akiwa ndani ya uzio inafunguka, akiwa hosteli kwake inagoma mpaka chuo kiweke njia ya kumwingiza kutoka mbali. Miaka ya nyuma, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, daktari mmoja wa hospitali ya wilaya ng'ambo alipanga foleni ya kivuko, akavuka, akaja mpaka kwangu kutafuta makala tatu kuhusu kichocho kwa watoto. Nikalazimika kumwambia mkataba haumruhusu. Neno moja tu, wageni, lingeongezwa kwenye kile kifungu angekaa akasoma. Nilimpa maji ya kunywa na orodha ya yale yaliyo huria, yanayosomwa na yeyote bila kulipia, akaondoka. Sijawahi kujisikia mnyonge kazini kama siku ile.

Watu wataniuliza, si kuna Research4Life? Ipo, ule mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei ndogo, na namshukuru Mungu ipo. Ilianza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa majarida ya afya, mwaka uliofuata FAO wakaja na AGORA kwa kilimo, uvuvi na chakula, na nyingine zikafuata. Tanzania tuko kwenye kundi la kutolipa. Nimeshawaona wanafunzi wakifungua majarida ambayo chuo chetu kisingeweza kulipia hata toleo moja. Ila tukumbuke kwamba ile nayo ni ruhusa, na ruhusa ina mwenyewe. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kwa watumiaji wa HINARI wa Bangladesh, kwa maelezo kwamba soko la kule limeanza kukua, na wakarudisha baada ya kelele kubwa. Wakarudisha, sawa. Lakini kuna daktari wa Dhaka aliamka siku hizo akakuta kufuli kama lile la binti yetu wa uuguzi. Ndo maana nawaambia wakuu wa vyuo, msiache COTUL, ule umoja wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti Tanzania. Ukikaa na mchapishaji mezani peke yako, chuo kimoja cha Mwanza, atakupa karatasi usaini. Mkikaa wengi anaanza kusikiliza.

Na steshenari je? Hapa nje ya geti kuna steshenari kama sita, na bila hizo steshenari hakuna chuo, tuseme ukweli. Mwanafunzi bumu likichelewa hawezi kununua kitabu cha laki moja na nusu, anatoa kopi sura mbili. Kule Delhi mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki kibanda cha fotokopi kilichoko chuoni, Rameshwari, na chuo chenyewe, kwa kuwatengenezea wanafunzi vitini vya kozi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia, na mwaka uliofuata wachapishaji wakaondoa kesi. Sheria ya India si yetu, sisi tuna ya kwetu ya mwaka 1999, lakini nilipoisoma hukumu ile niliwaona kabisa vijana wetu pale getini na mashine zao zinazopiga kelele.

Kwenye NC nako steshenari zinaingia. Mtu anauliza, kama leseni inakataza biashara, na jamaa wa kopi anachukua shilingi mia kwa ukurasa, amevunja? Swali hilo hilo lilifika mahakama ya rufaa New York, mwaka 2018. Great Minds, waliotoa vitabu vya hesabu kwa leseni yenye NC, waliwashtaki FedEx Office kwa kuwatolea shule kopi kwa malipo. Mahakama ikasema shule ndizo zinazotumia leseni, na matumizi ya shule si ya biashara, mwenye mashine ni mkono tu uliotumwa. Naona ni akili ya kawaida kabisa hiyo. Bibi akimpa kijana mia aende akatolewe kopi ya cheti, kijana hajawa mwenye cheti.

Najua kuna watakaosema basi kila mtu achague CC BY, leseni iliyo wazi kuliko zote sita, mambo yaishe. Natamani. Tatizo ni ada. Jarida huria mara nyingi linamdai mwandishi badala ya msomaji, na ada zenyewe, kwa mfano jarida la Nature kuanzia 2021 njia hiyo ilitangazwa kwa euro 9,500 kwa makala moja. Kwa nchi maskini wachapishaji wengi wanasamehe, ila wengi wanafuata orodha ya Benki ya Dunia, na sisi Julai 2020 tulipandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati ngazi ya chini. Kupandishwa ni heshima, lakini kwa mtafiti ina maana kwenye majarida mengi msamaha wa ada yote umegeuka kuwa punguzo. Mshahara wa lekchara haukupanda siku hiyo. Kwa hiyo kabla hujasaini niulize, kuna majarida mazuri yasiyodai chochote, na mengine ukishakubaliwa yanakuruhusu kuweka nakala yako ya mwisho, ile kabla hawajaipanga kurasa, kwenye hazina ya chuo ya mtandaoni bure. Kila wiki naweka kazi za watu huko na karibu kila mara mwandishi mwenyewe hakujua kwamba anaruhusiwa.

Na someni pia vifungu vya "matumizi mengine ya baadaye". Mwaka 2024 kampuni ya Informa, wenye Taylor & Francis, walitangaza mkataba na Microsoft wa kuwapa machapisho kwa ajili ya akili bandia, malipo ya kuanzia zaidi ya dola milioni 10. Waandishi wengi walizipata habari hizo magazetini. Walikuwa wameshasaini miaka mingi nyuma, kwenye aya ambayo hakuna aliyeifikia.

Turudi kwa daktari wangu wa dagaa. Tulimwandikia mchapishaji kuomba ruhusa ya tafsiri. Wiki ya tatu likaja jibu na fomu: nakala ngapi, zitauzwa bei gani, eneo gani la dunia, mtafsiri ana sifa gani. Tukajaza. Nakala mia tano, bei sifuri, eneo ni mwalo mmoja. Wiki ya saba tukaambiwa fomu imepelekwa idara nyingine. Msimu wa mvua unakaribia na yeye ananipigia kila siku, "dada vipi?"

Usiku mmoja nikakumbuka kitu ambacho ningepaswa kukisema siku ya kwanza. Hakimiliki inalinda maneno na michoro jinsi ilivyowekwa, hailindi ukweli wenyewe. Hata mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unasema hivyo, kwamba ulinzi ni wa namna ya kueleza na si wa mawazo. Hakuna mchapishaji anayemiliki habari kwamba kichanja kinafika kiunoni. Basi tufunge ile makala, tusiitafsiri hata sentensi moja, tukae tuandike kijitabu kipya kutoka kichwani mwake na kwenye madaftari yake ya mwaloni, yale yenye magamba ya samaki katikati ya kurasa.

Tulikaa Jumamosi mbili. Na kwa kweli kikatoka kitu bora kuliko tafsiri yoyote. Kwenye makala kulikuwa na asilimia za unyevu, sasa mama wa Kayenze atapimia nini asilimia? Daktari akakumbuka wanavyosema wenyewe: dagaa aliyekauka ukimvunja analia. Tukaandika hivyo. Mwanafunzi mmoja wa sanaa akachora vichanja upya, kwa macho yake, baada ya kupelekwa kuviona. Ukurasa wa mwisho tukaweka CC BY, na chini yake kwa Kiswahili cha kawaida: toa kopi, tafsiri, badilisha, uza ukitaka, taja tu kilikotoka.

Tulivipeleka asubuhi na daladala, boksi mbili magotini. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wengine wote walikuwa wanamsubiri yeye aseme, alikisoma kijitabu kizima akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari. Akafika ukurasa wa tano akasimama. "Mwanangu, hapa mmesema mgeuze mara mbili. Upepo wa kusi ukivuma, ukigeuza mara mbili wanakatika vichwa. Mara moja inatosha." Daktari akamtazama, akatoa daftari. Akauliza kusi inaanza lini, inavuma saa ngapi, na kaskazi je? Walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa zaidi ya saa nzima, mimi nikagawa vijitabu peke yangu.

Toleo la pili lilitoka baada ya mwezi na nusu. Ukurasa wa tano una mistari minne mipya kuhusu upepo, na kwenye jalada majina ya waandishi yamekuwa mawili. Yule mama alitaka nakala thelathini za ziada za kupeleka Ukerewe kwa shemeji yake, nikamwambia mama, hizi thelathini chukua, zikiisha usinisubiri, nenda nazo steshenari yoyote.

Ruhusa ya tafsiri bado hatujajibiwa.